Nyanya za Bi Somoe Zisizotifuliwa

Jumanne, 3 Juni 2003
Kijijini Ziwani tena. Tairi la baiskeli limepasuka mara mbili. Sijali. Bi Somoe amekubali! Nusu ya bustani yake ya nyanya haitaguswa na jembe. Vishimo vya miche tu, samadi kidogo, kisha nyasi kavu juu ya ardhi yote. Msimu mzima nimehubiri kilimo bila kutifua. Wakulima wananisikiliza, wananishukuru, wanachukua majembe yao. Leo nimempata mmoja. Nimeimba njia nzima hadi Magomeni.

Alhamisi, 19 Juni
Miche imeshika. Wanawake kisimani wanaiita bustani ya wavivu. Bi Somoe anacheka nao. Mimi nimeshindwa kucheka.

Jumatano, 2 Julai
Upande wetu umepiga manjano. Upande uliolimwa ni kijani kabisa. Aibu. Hofu. Mumewe, Mzee Issa, hakuitikia salamu yangu. Baadaye akasema, "Bibi shamba, hiki ni chakula cha wanangu. Si karatasi zako za ofisini." Kweli tupu. Nadhani samadi ilikuwa haba. Tumeongeza ya mbuzi, nimeibeba mwenyewe kichwani. Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 14 Julai
Kijani! Kila mche! Nimeikagua mmoja mmoja kama mwendawazimu.

Jumamosi, 9 Agosti
Kisima cha bondeni kimeshuka, ndoo zinapangwa foleni tangu alfajiri. Nyanya za majirani zinanyauka kabla ya saa nne. Upande wa nyasi Bi Somoe anamwagilia kila siku ya tatu tu, na umebeba matunda. Mzee Issa hakuamini. Alikuja na jembe, ang'oe nyasi zote, eti zinafuga mchwa. Nilitaka kumzuia. Bi Somoe akanishika mkono.
"Piga moja tu, Baba Asha. Hapo penye nyasi."
Akapiga. Udongo mweusi, wenye unyevu, ukanata kwenye jembe. Akaenda upande aliolima mwenyewe, akapiga. Vumbi. Akachuchumaa. Kisha akatuuliza:
"Nyasi nyingine tutazipata wapi?"
Nilipiga kigelegele! Mimi, mtumishi wa serikali, katikati ya bustani ya watu. Majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Wawili wameomba niwatembelee wiki ijayo. Wale wale wa kisimani.

Jumapili, 24 Agosti
Nimefika bustanini mapema. Hakuna mtu. Nikaingiwa na wasiwasi, nikaenda nyumbani kwao. Bi Somoe alikuwa barazani, ameketi mkekani, binti yake Asha anamsuka.
"Leo si siku ya kumwagilia," alisema, wala hakuinuka.
Tangu nimfahamu sijawahi kumwona ameketi asubuhi. Alijisogeza kidogo, akanipa nafasi. Nikavua viatu. Hatukuzungumza kilimo.