Stesheni Ina Msiba

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo unaleta harufu ya salfa, dawa inayopulizwa kwenye mikorosho ya kila upande. Miguu yangu imejaa vumbi na sauti imenikauka. Jana nililala na hasira. Leo nimekaza uzi.

Jambo lenyewe lilianzia darasani juzi. Shule moja ya Uingereza, rafiki wa shule yetu, ilitutumia picha za mtaa wao. Mji wao una kanisa kuu la mawe, na jirani yake kuna lango la kale, shule kongwe, na nyumba zilizojengwa zamani kwa sadaka ili wazee maskini wapate pa kulala. Wazee wanaishi humo mpaka leo! Mwishoni wakatuuliza: na kwenu kuna majengo gani ya kale?

Kidato cha pili wakatazamana. Zuhura, ambaye kunyamaza hakujui, akasema, "Madam, andika tu hatuna, tuendelee."

Hatuna!

Mimi ni mwalimu wa historia, nimezaliwa hapa hapa, na wanafunzi wangu wanasema hatuna. Roho iliniuma. Kijiji chenyewe kinaitwa Stesheni. Mwambie bodaboda wa Nachingwea "nipeleke Stesheni," hakuulizi stesheni ipi, wakati treni ya mwisho ilipita kabla mama yangu hajazaliwa. Wakoloni walileta reli kwa ajili ya mradi wao wa karanga, karanga zikawashinda, reli ikang'olewa. Kilichobaki ni jengo dogo la mawe lenye dirisha la tiketi.

Na jengo halikukaa bure. Lilikuwa darasa la kisomo cha watu wazima, ambako bibi yangu, aliyejua Kimwera tu, alijifunza kuandika jina lake. Baadaye likawa zahanati. Mimi nilichanjwa pale, karibu na lile dirisha, na mama anasema nililia mpaka sokoni wakasikia.

Jana jioni nikapata habari kwamba leo linavunjwa. Mawe yanatakiwa kwenye msingi wa ghala la korosho. Aliyeamua ni mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti ni mjomba wangu, kaka wa mama. Asiyetoka huku hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kwetu Wamwera mjomba akishasema, mpwa anaitikia. Nilikwenda kwake hata hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mvua ikinyesha, historia haifuniki korosho." Nikasema, "Haya, mjomba," nikarudi nyumbani, nikalia.

Asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikaenda moja kwa moja Stesheni. Fundi Komba alikwishafika na nyundo yake kubwa. Komba ni Mngoni wa Songea, na Wangoni ni watani wetu tangu vita vya mababu. Hapo ndipo wazo lilinijia.

Mjomba siwezi kumpinga. Mtani anaweza, ilimradi kuna msiba. Msibani mtani wako ana ruhusa ya kulala mlangoni na kuzuia jeneza lisitoke mpaka mfiwa amgomboe kwa chochote. Wala hakuna wa kukasirika.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikakaa chini mlangoni, nikaangua kilio.

"We Mmwera, umechanganyikiwa?" fundi akauliza.

"Stesheni inazikwa leo, mtani. Mfiwa ni mimi. Umekuja msibani kwetu na nyundo, kazi yako ya utani umemwachia nani?"

Aliitazama nyundo yake. Nyundo ile ndiyo iliyokuwa imlishe leo. Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta, akaitupa nyundo, akajilaza kizingitini. "Halitoki jiwe hapa mpaka nipewe jogoo!"

Mjomba alipofika, kilio changu kilikuwa kimeshakusanya watu, na fundi hakuinuka. Alimpigia kelele kutoka pale chini: "Babu zenu walitukimbia sisi, leo ninyi mnakimbia hata nyumba yenu?" Watu wakavunjika mbavu. Mjomba alijaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika. Akaagiza jogoo aletwe kutoka kwake ili yaishe.

"Wako simtaki," fundi akasema. "Nataka wa mfiwa. Aliyetangaza msiba ndiye atakayenigomboa."

Hilo sikuwa nimelipanga, naapa.

Mjomba alinigeukia, nami jogoo wangu sikumtoa. "Basi Jumamosi mkutano wa kijiji ndio utakaoamua," akasema, akageuka upesi. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Mchana niliingia darasani. Nikaandika ubaoni neno HATUNA, nikauliza kama nilitume Uingereza hivyo hivyo. Habari za asubuhi zilikuwa zimenitangulia. Zuhura akainuka, hakusema kitu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akaifuta ile HA kwa kiganja, akarudi kukaa.

TUNA. Nimeliacha ubaoni.

Lakini sijidanganyi. Kicheko hakijengi ghala, na mjomba hakukosea kuhusu mvua. Siwezi kushikilia kuta huku korosho za majirani zangu zikioza. Kwa hiyo jioni nimepanda kilima cha nyuma ya shule pamoja na fundi Komba. Mawe yamejaa. Ameyagonga moja moja, akasema yanafaa kwa msingi, na msingi huo ataujenga yeye. Tunahitaji msaragambo, watu wajitolee kuyashusha, na trekta la kuyabeba. Baba yake Zuhura analo trekta. Kesho nitakuwa barazani kwake kabla hajanywa chai.

Jumamosi nitasimama mbele ya mjomba wangu na kijiji kizima, na nitasema. Sauti itatetemeka, najua. Itetemeke.

Nikiandika haya, jogoo wangu mwekundu anaparua uani. Nimemwongezea pumba. Mradi sijamtoa, mlango wa Stesheni una mtu.

Simtoi.