Kimo cha Doña Ludovina

Jumatatu, 4 Machi

Wadakaji watano wa besiboli, na chuo kina vitanda vitatu. Herminio ametangaza asubuhi: kabla ya Wiki Takatifu wawili wanarudi makwao. Hakututazama. Bosi wetu akiwa na jambo chungu huiambia kahawa yake.

Wa kwanza tunamjua, yule wa La Romana anayefumba macho mpira ukija. Mdakaji! Ni kama padre anayeogopa kanisa. Wa pili, anasema Herminio, ni Joeldri Peguero.

Hapo nikaweka kikombe chini. (Kahawa: 30. Miaka yote hii ya kuwapa vijana alama, 20 mpaka 80, imeniharibu. Hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu kule Marekani. Kahawa ya Herminio haitavuka hata bahari.)

"Joeldri ana mkono wa 65, bosi. Mpira ukimtoka kwenda kituo cha pili, unakwenda kama umeitwa na mama yake."

"Na kimo? Juzi nilimtazama uwanjani nikauliza, nani kaacha glovu chini?"

Chago, mwalimu wa kupiga, alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

"Ana miaka kumi na saba," nikasema. "Na viatu vyake umeviona? Miguu ile ni ya mtu mkubwa. Mwili ndio umechelewa njiani."

"Wakubwa hawasajili viatu, Tibo. Niletee kitu cha maana."

Kitu cha maana kipo kimoja tu. Wazee wa kazi hii walisema usinunue ndama hujamwona mama yake. Aliyemsajili Joeldri alimsajili kwa simu, siku ya mvua. Familia haijaonwa na mtu. Jumapili naenda kwao, Nizao.


Jumatano, 6 Machi

Joeldri amewatoa watatu waliojaribu kuiba kituo cha pili kwa mbio. Watatu! Halafu akaenda kupiga. Anapiga kama anafukuza inzi. 35, na hapo nimekuwa mkarimu.

Nikamvizia kwenye bomba la maji, kama vile sina haja.

"Mama yako ni mrefu?"

"Mama?" Akafikiri. "Mama ni mama tu."

"Na marehemu baba?"

"Nilikuwa mdogo sana. Nakumbuka viatu vyake."

"Vikubwa?"

"Don Tiburcio, nilikuwa na miaka mitatu. Kila kitu kilikuwa kikubwa."

Mtoto ana akili. Hiyo hatuna mahali pa kuiandikia alama.


Jumapili, 10 Machi

Nimerudi kutoka Nizao. Niandike kabla Chago hajaisikia, maana akiisikia itakuwa yake.

Nyumba ya bluu nyuma ya kanisa. Doña Ludovina alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda, anachagua maharage ya Kwaresima. Jirani yake, mwanamke mwenye masikio marefu kuliko ua wake, alikuwa upande wa pili, anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Karibu, Don. Samahani sisimami, nina maharage mapajani."

Haya! Nimeendesha gari kutoka Boca Chica kumwona mwanamke amesimama, na amekaa. Si neno, nikasema moyoni, atainuka kuleta kahawa. Kahawa akaleta mpwa wake. Nikaangusha kofia upande wa Doña, ainuke. Akaiokota kwa mguu! Mguu mrefu — lakini mguu si ushahidi. Nikaomba picha za marehemu. Zikaletwa. Marehemu anacheza domino, amekaa. Marehemu yuko harusini, amekaa. Marehemu juu ya punda. Sijawahi kuona mtu aliyechukia kusimama kiasi hicho.

"Alikuwa mrefu, marehemu?"

"Alikuwa anatosha," akasema, macho kwenye maharage.

Jua likaanza kuondoka. Mambo ya kazi yalikwisha zamani. Tukazungumza bei ya sukari, magoti, New York. Nikamwambia mke wangu, Fior, alikwenda huko kwa wiki tatu, na mwaka huu ni wa tisa. Akacheka! Kicheko kizito, cha tumboni. 60. Nikajiambia, Tiburcio, umekuja kikazi.

Mwishowe nikashindwa. Nikavua kofia nikasema, "Doña Ludovina, nakuomba tafadhali usimame."

Ufagio wa jirani ukakoma.

Akanitazama. Akasogeza maharage kando, taratibu. Akasimama. Na akaendelea kusimama! Alipofika mwisho, pua yangu ilikuwa usawa wa kifungo chake cha pili.

"Mungu mkubwa!" nikapiga kelele. Kelele, ndiyo. Nikapiga na makofi.

"Nigeuke pia?" akauliza.

Mimi, mjinga, nikasema, "Kama hutajali." Nilitaka kuona mabega. Mabega! Mtoto hupata mabega kwa mama, hiyo inajulikana.

Akageuka. Jirani akaingia ndani mbio, kama mtu aliyesikia simu yake inalia. Haikuwa inalia.

Wakati wa kuaga akanipa bakuli la maharage matamu, yenye nazi, mdalasini na viazi vitamu, yamefunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa. Nimeyala yote kwenye gari kando ya barabara. 75. Sijapata kutoa 75.


Jumatatu, 11 Machi

Chago ameisikia.

Alikuwa ananingoja langoni. Akavua kofia, akapiga goti: "Doña, nakuomba tafadhali usimame!" Waosha nguo wakacheka. Mlinzi akacheka. Inasemekana Nizao nzima inajua kwamba mzee mmoja wa besiboli alikuja kumkagua mjane wa Peguero mbele na nyuma, akapiga makofi, akaondoka na bakuli.

Bakuli! Hapo ndipo penye mwiba. Bakuli la Kwaresima halirudi tupu. Likirudi tupu ni tusi. Likirudi na kitu, ni ujirani. Likirudi na kitu, limebebwa na mwanaume anayelala peke yake — hilo ni tangazo.

"Nipe mimi nilipeleke," akasema Chago.

"Wewe una mke."

"Ndiyo maana nitarudi salama."


Jumanne, 12 Machi

Joeldri hanisalimii. Leo kila mpira aliorusha ulipita karibu na sikio langu, na mimi nilikuwa nimekaa mbali na kituo cha pili. Hasira imemwongezea mkono. 70!

Mwisho akanifuata.

"Don Tiburcio. Mama yangu hayumo kwenye majaribio."

Nikamweleza yote, polepole: vitanda vitatu, ndama, mabega. Alipofahamu kwamba jina lake liko ukingoni, uso ukambadilika. Akakaa chini kwenye vumbi, na vifaa vyote vya udakaji mwilini, kama kobe.

"Kwa hiyo ulikwenda kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako."

"Si kwa ajili yake."

Nikachelewa kujibu. Kidogo tu. Lakini kijana anaishi kwa kusoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujatoka.

"Aa," akasema.


Alhamisi, 14 Machi

Herminio kaniita, kafunga mlango. Leo hakuiambia kahawa, aliniambia mimi. Vibaya zaidi.

"Tibo, mimi nakuamini. Lakini wakubwa wakisikia anayempima kijana anakula kwa mama wa kijana, ripoti yako ni karatasi ya kufungia samaki. Na kijana hana mwingine wa kumsemea."

"Nilikula bakuli moja."

"Basi liishie hapo. Usilipeleke sasa, usilipeleke baadaye. Ukilipeleka baadaye watasema ulilipwa. Chagua: ripoti au bakuli."

"Sasa yule mama atanionaje?"

"Kama mwizi wa bakuli."

Kama Herminio angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Tatizo, ana haki.

Bakuli liko juu ya friji. La bati, jeupe, lina ukingo wa bluu. Nimeliosha mara mbili.


Jumapili, 17 Machi

Nimechagua. Ripoti. Mtoto ana kitanda kimoja duniani. Mimi nimezoea kulala peke yangu. Nimekaa asubuhi yote kuiandika. Mkono 65. Kupiga 35, huenda 45. Kukimbia 30 — ni mdakaji, akimbilie wapi? Mwili: bado, lakini utakua. Mama nimemwona mwenyewe.

Hapo kwenye "mama nimemwona mwenyewe" kalamu ilitaka kuendelea. Nikainyang'anya.

Mchana, kwa kuwa sina la kufanya, nimepika maharage matamu. Si kwa ajili ya mtu! Mtu anaweza kupika. Yameungua chini, na juu yamebaki mabichi. Sijui hata imewezekanaje.


Jumatano, 20 Machi

Joeldri ameonja maharage yangu. Nilimpa kwenye kikombe, bila maelezo. Akatafuna muda mrefu, macho mbali, kama sisi tunavyofanya pembeni mwa uwanja.

"Sasa hivi, 30," akasema.

"Na mbele?"

"Mbele..." Akalamba kijiko. "45. Ukipunguza karafuu. Na ukiacha kukoroga kwa hasira."

Mtoto wa watu ananipa alama! Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba mama yake amepiga simu. Hajauliza habari za kitanda. Ameuliza kama mimi ni mgonjwa.

"Ukasemaje?"

"Nikasema u mzima." Akainuka. "Ndipo akakasirika."


Ijumaa, 22 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi.

Asubuhi nimemkabidhi Herminio ripoti. Akaiweka chini ya kikombe, hakuisoma. Kesho chuo kinafungwa kwa Wiki Takatifu. Anayebaki na anayeondoka atajulikana leo. Sufuria nimekuja nayo kwenye gari, maharage, mapishi ya pili. Kwa vijana wote! Bakuli nalo limo kwenye gari. Sijui lilipandaje.

Kisha simu ya langoni. Mlinzi: "Bosi, kuna mama hapa anadai bakuli lake."

Doña Ludovina, na gauni la Jumapili siku ya Ijumaa. Kufika mlangoni aliinama kidogo ndipo akapita. Mlango ule mimi hupita na kofia, na njiwa akikaa juu ya kofia atapita pia.

Herminio akasimama. Akainua macho. Akayainua tena.

"Wewe ni mama wa nani?"

"Wa Joeldri. Na wewe ndiye unayesema mwanangu mfupi?"

Herminio akatafuta kahawa yake. Ilikuwa mbali.

"Na... marehemu baba yake, mama? Alikuwa na kimo?"

"Balbu za nyumbani kwangu alibadilisha yeye, bila kiti. Mimi nilikuwa nashika tochi."

Wiki mbili nzima! Kumbe swali nilikuwa nalo, nikaliuliza vibaya. Chago alikuwa ameegemea ukuta, analia kwa kicheko bila sauti. Mama wa watu akanigeukia.

"Na wewe. Ulinisimamisha mbele ya mtaa mzima, ukanigeuza kama nyumbu wa mnadani, kisha ukapotea na bakuli langu. Leo zamu yangu. Simama nikuone."

"Nimesimama, Doña."

Chago akatoka nje.

Akanitazama toka viatu hadi kofia. Safari fupi, lakini hakuiharakisha. "Hm," akasema.

Naijua hiyo "hm". Ni yangu. Huitoa kwa kijana ambaye alama zake hazitoshi na moyo unakataa kumwacha.

Ndipo Herminio akavuta ripoti yangu chini ya kikombe, na duara la kahawa katikati, akanipa.

"Chukua, Tibo. Siihitaji tena."

"Hiyo ni heri au shari?"

"Toka nje. Mama abaki. Niitieni Joeldri."

Joeldri amepita hapa sasa hivi, hana rangi usoni. Alipofika mlangoni akainama. Hana sababu ya kuinama, kuna nafasi tele juu ya kichwa chake. Ni mazoea ya kumfuata mama yake. Akaingia, mlango ukafungwa.

Hawasikiki. Nimekwenda kwenye gari mara moja nikarudi. Bakuli liko mapajani, limejaa. Kwa jicho langu mwenyewe, 40. Karafuu nimepunguza. Kitambaa chake kiko kwenye kamba nyumbani, nimekisahau, na inzi wa hapa hawana adabu. Nimelifunika kwa ripoti.

Maandishi nimeyaelekeza chini, yasisomeke.

Kiti kimesogezwa ndani. Herminio anasema kitu, kirefu. Yule mama kacheka — ama ni kukohoa?

Nimeigeuza karatasi. Maandishi juu, pale penye "mama nimemwona mwenyewe".

Kitasa kinazunguka.