Waya za Plagi na Jina la Mkwe Wetu

Bigwa,
Morogoro.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Alois,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba sana. Hujambo wewe? Prisca na watoto hawajambo? Hiyo baridi yenu ya Kanada imepungua, au bado mnavaa makoti hadi mezani? Sisi huku tunalalamikia ubaridi huu wa Juni unaoshuka kutoka mlimani, ingawa najua ukifika hapa utacheka.

Mama yetu kule Kinole ni mzima. Anakula vizuri, mguu ndio unamsumbua asubuhi, na bado anagombana na tumbili wanaomwibia ndizi. Mimi presha imeshuka. Nesi ameshangaa, kaniuliza natumia dawa gani. Dawa yenyewe ndiyo nataka nikuandikie.

Kwanza kabisa, mdogo wangu, nakuomba ufute ule ujumbe wa sauti niliokutumia mwezi wa tano. Ule mrefu, niliokuwa napayuka. Kama Prisca aliusikia, basi mpe na barua hii aisome mpaka mwisho.

Wiki iliyopita nilikupigia nikasema tu, "Godfrey usimwambie neno lolote, mwache kabisa." Ukauliza kulikoni, nikasingizia salio limekwisha. Salio lilikuwepo, Alois. Aibu ndiyo ilinikaba. Nimeona afadhali niandike, na Mwalimu Rogers anayekuja huko masomoni amekubali kukuletea.

Unajua tangu utuachie pikapu yako, mwaka wa nne huu, anayeiendesha ni Godfrey, mume wa Janeth wangu. Anapanda nayo Kinole, anashusha ndizi hadi sokoni, halafu jioni anailaza hapa kwangu Bigwa ndipo arudi kwake Mwembesongo. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilalamika.

Mwezi wa tatu pikapu ikaanza kumisi. Asubuhi inawaka vizuri tu, lakini ikifika kwenye mlima wa Kinole, injini ikishapata moto, inatetemeka kama mtu mwenye homa, nguvu hakuna, inazima. Wanaipumzisha nusu saa boneti ikiwa wazi, kisha inaondoka kama vile si yenyewe iliyogoma. Godfrey akasema waya za plagi zimeungua. Akanunua mpya. Hazikumaliza wiki tatu. Akanunua nyingine, hivyo hivyo. Akaja na za tatu.

Nikasema hapana, siku hiyo nafungua boneti mwenyewe. Nikaona waya nyeusi, kavu, zimepasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Nikamwuliza, hizi ndizo mpya? Akanijibu kwa upole wake ule, "Ndizo, Mama. Joto linazila." Joto! Gari gani halina joto? Nikaguna, nikaondoka.

Siku chache baadaye napita Mwembesongo, namwona Godfrey ameinama ndani ya boneti ya gari la rafiki yake. Mimi hapo hapo nikajumlisha mwenyewe na jibu nikapata mwenyewe: anachomoa waya zetu mpya anampa rafiki, sisi anatuvalisha makuukuu. Sikumwuliza mtu. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokutumia ule ujumbe.

Nikampigia na Kaka Tomasi. Kwetu Waluguru mjomba akisema mtoto arudi nyumbani, amesema, na mjomba wa Janeth mkubwa ni yeye Tomasi, na mdogo ni wewe. Nilitaka Godfrey anyang'anywe funguo mbele ya ukoo na Janeth arudi chini ya paa langu. Sikuishi na mwizi mimi ujanani, mwanangu aishi naye kwa nini? Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia kila siku nikiosha vyombo.

Kikao kikawekwa Jumapili ya tarehe mosi, baada ya misa, hapa kwangu. Nikamwita na Pazi, fundi wa Mwembesongo, aje akague waya mbele ya watu wote ili Godfrey asipate pa kuponyokea. Huyu Pazi ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu, ila kwa magari hana utani.

Nikapika, maana watu wenye njaa hawaamui jambo likaeleweka. Kuku, na wali wa nazi kwenye jiko la mkaa. Wali ulipokaribia kukauka nikaufunika kwa jani la mgomba, juu ya jani nikaweka mfuniko wangu, juu ya mfuniko nikapalia makaa, nikaenda kukaa na wenzangu.

Godfrey alikaa mwisho wa mkeka, kichwa chini. Janeth pembeni yake. Karibu na mlango palikuwa na begi kubwa la Janeth, limejaa. Alois, nilipoliona lile begi moyo wangu ulifurahi. Nikasema mwanangu ana akili, ameshafungasha kurudi kwangu kabla hata hatujaanza.

Pazi akafungua boneti, akainama, akachomoa waya moja moja. Kisha akasema, "Wazee wangu, hizi waya ni mpya, maandishi ya kiwandani haya hapa bado yanasomeka. Hazijabadilishwa. Zimechomwa." Akatuonyesha bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini, namna linavyopita jirani kabisa na plagi. Akasema gari likipanda mlima bomba lile linakuwa jekundu, ndiyo maana watengenezaji huweka bati la kukinga joto katikati. Bati lisipokuwepo, mpira wa waya unaungua, na ule moto wa umeme uliotakiwa uende kwenye plagi unaponyokea kwenye bodi. Hapo ndipo injini inapomisi. Akagusa matundu mawili matupu ya bolti. "Sasa bati la hapa liko wapi?"

Godfrey akainua kichwa. "Nililitoa mimi mwezi wa tatu," akasema. "Bolti ilikatika, likawa linagonga njia nzima. Nililiosha nikaliegemeza ukutani nyuma ya jiko la Mama, nikaenda kutafuta bolti. Kurudi sikulikuta. Nikamwuliza Mama, akaniambia bati gani. Nikajua watu wa skrepa, hawa wa vyuma chakavu, wamepita nalo."

Na mimi, mdogo wangu, mbele ya kaka yetu na mbele ya mwanangu, nikamkatiza: "Bati, bati, kila siku hadithi ya bati! Mwongo wewe!" Neno lilitoka hivyo hivyo, sikuongezei wala sikupunguzii.

Nikanyanyuka kwa hasira kwenda kuangalia wali. Pazi akanifuata, anataka maji ya kunawa mafuta mikononi. Nikachukua koleo nianze kuondoa makaa, naye akabaki amesimama, macho kwenye jiko. "Mama Janeth," akasema, "huo mfuniko umeununua wapi?"

Nikamwambia sikununua, ni bahati tu. Mfuniko wangu wa zamani ulitobolewa na makaa, na huu niliuokota hapa hapa nyuma ya jiko. Nikausifia, eti upalie makaa kiasi gani haupindi, hata una vitundu viwili vya kutolea mvuke. Akauliza, "Uliuokota lini?" Nikajibu, "Mwezi wa tatu."

Nilipotamka mwezi wa tatu, nikalitua koleo chini.

Pazi alicheka mpaka akakaa chini. Akapaza sauti, "Jamani Waluguru, mmepika gari!" Akalikamata bati kwa koleo, makaa yakamwagika, akakimbia nalo hadi kwenye pikapu na wote wakamfuata. Akalishikilia juu ya bomba la moshi. Matundu yakakaa sawasawa. Kwa wiki kadhaa nimemwita mkwe wangu mwizi, na kila nikimsema nilikuwa nimeshika kijiko cha wali ulioivishwa na bati hilo hilo.

Kaka Tomasi alijikohoza. Nikamwendea Godfrey, nikapiga magoti, Alois, mimi mkwe wake, nikamwambia nimemkosea. Nilitaka niseme mengi, kilio kikanizuia. Alinishika mikono akaninyanyua haraka, akasema, "Mama, mimi nilikuwa nashangaa jambo moja tu. Tangu mwezi wa tatu wali wako umekuwa mtamu mno." Watu wakaangua kicheko, na kaka yetu ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini mimi nilimwona Godfrey anageukia ukutani na kujifuta macho kwa mkono wa shati.

Tukala. Ukoko wote nilimpa yeye, na unajua nyumba hii ukoko unavyogombewa.

Baada ya kula nikaona nilitoe lile begi mlangoni, watu wasijikwae. Janeth akanishika mkono. Akaniambia taratibu, wengine wasisikie, "Mama, liache. Humo mna nguo zangu na za Godfrey. Tulikuwa tukishakabidhi funguo tunakwenda kulala Msamvu, tupande basi la asubuhi twende kwao Mahenge. Tusingerudi."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Mwanangu wa pekee. Nilidhani anafungasha kuja kwangu, kumbe alikuwa anafungasha kunikimbia. Najua Mahenge si mwisho wa dunia, watu wanakwenda na kurudi, lakini Janeth ni mtoto wangu na akisema harudi, harudi. Na angekuwa na haki.

Basi, Jumatatu yake Pazi alikuja na vifaa. Bati nililisugua mwenyewe kwa majivu mpaka likang'aa, akalifunga kwa bolti mpya. Waya mpya tena, plagi mpya, na kila waya pale inapoingia kwenye plagi akaivalisha kitu cha kuhimili joto, yeye anakiita soksi. Halafu akazibana waya kwenye vishikio vyake, zisigusane wala kulalia bomba. Ametuambia kila Jumamosi, injini ikiwa imepoa, tufungue boneti tuone kama kuna waya iliyochomoka kwenye kishikio au bati lililolegea. Kazi hiyo nimeichukua mimi. Alipomaliza nikamwambia asante, akanijibu kimtani, "Na wewe Mama Janeth, siku nyingine nakufungia bati, kati ya moyo na mdomo."

Juzi Alhamisi nilipanda Kinole na Godfrey na Janeth, nikae na Mama. Tulipoufikia ule mlima nilishika rozari. Pikapu ikapanda. Ikapita pale ilipozoea kuzima, ikapita kona ya juu, ikaendelea kunguruma vile vile hadi uani kwa Mama. Godfrey alinitupia jicho mara moja. Mimi machozi yalinitoka mpaka akadhani ninaumwa. Siumwi, mdogo wangu. Nimetua mzigo.

Ninakuomba jambo moja. Mwandikie Godfrey, wewe kama mjomba. Usimtaje mwizi wala bati, ayaone tu maandishi yako yakimwita mkwe. Ataelewa.

Ameniletea mfuniko mpya, kamkatisha Pazi kwenye bati zito, na matundu mawili ametoboa pale pale. Juu yake amechora kwa msumari: WA MAMA, SI WA GARI. Naupenda kuliko sahani zangu zote za harusi.

Mwalimu Rogers nimempa mdalasini na pilipili manga za Kinole, gawaneni bila ugomvi. Msalimie sana Prisca, wabusu watoto. Kaka Tomasi anakusalimu, Mama anakubariki na anauliza lini utakuja umwone angali anatembea. Janeth na Godfrey wanakusalimu, wote wawili, kutoka nyumba moja.

Lile begi nimeomba libaki kwangu. Ni tupu, nimelifua, lipo chini ya kitanda changu. Ulimi ukianza kuniwasha huwa nainama nalitazama.

Mungu akufunike kwa mkono wake huko uliko, na kila jambo lenye moto alipitishe mbali nawe.

Wako akupendaye, dada yako aliyekwishafungwa bati,

Bernadeta