Hukuvunja Sheria, Anti

Anti Nyambura,

Nimepita. Naanza na hilo kwa sababu ungeniuliza kabla hata sijavua viatu. Mtihani wa leseni ya kuuza nyumba, ule nilioanguka ukiwa hai, nikaanguka tena baada ya kukuzika, nimeupita mara ya tatu. Alama za vidole walishachukua, makaratasi yamekubaliwa, na ofisi moja ya mawakala huku Irving imesema nifanye kazi chini yao. Uliitaka sana siku hii, na sasa imefika sina wa kumpigia simu. Nililia ndani ya gari nje ya kituo cha mtihani mpaka mama mmoja Mzungu akanigongea dirisha, akidhani nimeanguka mtihani.

Hapa ugenini Carrollton tumebaki mimi na Anko. Mume wako hapiki, Anti. Anakula mkate na chai kama mtu aliye safarini, na nikipika ananiambia asante bila kugusa. Sare zako za unesi bado zinaning'inia kwenye mlango wa chumba cha kufulia, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuzitoa. Kanisani, pale ulipokuwa ukikaa, juzi nilikuta watu wengine. Nilikasirika, halafu nikaona aibu, maana ni wageni, wangejuaje.

Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie. Nina jambo la kuungama, na nimelizungukazunguka miezi yote hii.

Unakumbuka ile Jumapili niliyokusahihisha? Nilikuwa wiki ya tatu ya masomo, kichwa kimejaa, najiona wakili mzima. Wewe ulikuwa nje ya kanisa ukimwambia mgeni yale uliyomwambia kila mgeni kwa miaka yote: "Kujeni huku kwetu. Wakenya tuko, unga unapatikana, mtoto akiugua kuna mlango wa kubisha." Hivyo ndivyo ulivyonipokea hata mimi. Nusu ya kanisa lile wanaishi Carrollton kwa sababu ulisimama pale na mkoba wako ukawaambia wakuje. Jumamosi ungewazungusha na gari lako ukiwaonyesha shule, na kliniki isiyo na foleni, na nyumba ya yule anayesuka nywele, ukiongea bila kupumua.

Nami na huu mdomo wangu nikakuambia tukirudi nyumbani: "Anti, hiyo ni makosa. Sheria ya huku inakataza kumwelekeza mtu mtaa wa kuishi kwa sababu ya kule anakotoka. Unaweza kushtakiwa." Ulicheka. Halafu ukaona mimi sicheki. Ukaniuliza, "Hata kama ni kumsaidia?" Nikasema, "Hata kama." Nilijua unavyoogopa sheria, Anti. Leseni yako ya unesi uliilinda kama mtoto mchanga. Nilijua, na bado nikasema vile nikijisikia mtu wa maana.

Wiki mbili baadaye wakaja Moraa na mume wake, wametoka Kisii, Moraa ana mimba kubwa. Kila mtu alikuwa amewaambia wakutafute wewe. Wakakuuliza wakae wapi. Nilikuwa kando yako, nikaona ukinitazama. Ukawaambia, "Tafuteni tu mahali mtakapopenda," ukashika mkoba ukaelekea kwenye gari. Woi, Anti! Ile sauti haikuwa yako kabisa.

Wakapata nyumba Mansfield, mbali na kila mtu wanayemjua. Moraa akajifungulia huko. Mume yuko kazini kwenye ghala, na nyumbani hakuna hata mtu wa kumkorogea uji. Habari zilipokufikia mtoto alikuwa ameshatimiza mwezi. Ulikaa jikoni ukasema, "Ningewaambia, Shiru. Ningewaambia tu." Ulipojiandaa kwenda kuwaona, ukasikia wamehamia Houston kwa binamu, na kwamba Moraa anawaambia watu wewe ni mkabila, unakaribisha Wakikuyu wenzako tu. Wewe! Uliyewahi kumlaza Mrundi sebuleni kwako miezi miwili, mtu mliyekutana naye kazini! Hukujitetea. Jumapili ukawa unatoka kanisani kwa mlango wa nyuma. Mwezi haukuisha. Jumanne ile ukiwa unakunja nguo presha ikakuchukua, na Anko alipokuita hukuitika.

Moraa na mume wake hawakuja mazishini.

Nilipoanguka mtihani mara ya pili nilirudi darasani kusoma upya. Tulipofika kwenye ile sheria, nikamweleza mwalimu habari zako, nikijifanya nazungumzia mtu mwingine. Ni mzee mpole, hana haraka. Akasema, "Sheria hii inamfunga wakala akiwa kazini kwake. Huyo mama hakuwa akiuza wala kupangisha nyumba. Alikuwa akikaribisha wageni tu." Nikamwomba arudie. Akarudia. Niliomba ruhusa nikaenda chooni nikajifungia. Nusu ukurasa, Anti. Nilisoma nusu ukurasa nikaja kukuhukumu nayo.

Safari hii swali lenyewe lilipokuja nililijibu bila kusita. Na wiki iliyopita nimepata wateja wangu wa kwanza, Warundi, mume na mke, wote wanafanya kazi hotelini karibu na uwanja wa ndege. Swali lao la kwanza: Warundi wenzetu wako mtaa gani? Nikawaambia kazi yangu hainiruhusu kuwachagulia mtaa kwa njia hiyo, wazunguke wenyewe waangalie, popote watakapopapenda nitawatafutia. Mke akanitazama vile Moraa alivyokutazama siku ile. Wewe ungewaambia, na ukawatafutia na kwaya ya Kikatoliki juu. Mimi leseni inanifunga, na wewe ambaye hakuna kilichokufunga, nilikuziba mdomo.

Siwezi kukuomba radhi ukasikia. Nimejaribu kaburini nikaishia kung'oa nyasi. Ila jina lako bado linasemwa vibaya huko Houston, na hilo naweza kulirekebisha. Jumamosi hii naendesha gari kwenda huko. Sijui kama Moraa atanifungulia. Akinifungulia, nitamwambia mbele ya mume wake kwamba ulitaka kuwaita, kwamba siku ile ulinitazama kwanza, na kwamba aliyekunyamazisha ni mimi niliyesimama kando yako. Asiponifungulia, nitarudi Jumamosi nyingine, na nyingine, mpaka achoke na mimi.

Pumzika, Anti yangu. Hukuvunja sheria yoyote. Nilikuacha ufe ukidhani uliivunja.

Shiru wako