Kopo la Raheli

Mama Filomena,

Nimekwenda Kisanga mazikoni. Usiniwekee chakula.

Wanafunzi watakuja saa tisa kupima maharage yao pale barazani. Kila kopo lipate maji nusu kikombe, lenye samadi na lisilo na samadi sawasawa, la sivyo hatutajua kilichoyakuza.

Asubuhi ulipokuwa kisimani alikuja Lazaro, yule mkata mkonge, kuomba kopo la mwanawe Raheli. Sikumwuliza hata habari za nyumbani. Nilimkatalia papo hapo: “Bado siku nne jaribio liishe. Mwambie aje apime mwenyewe.”

Akasema, “Hawezi kuja, Mwalimu. Homa imemchukua alfajiri. Nataka nikampandie kaburini.”

Nilimbebea lile kopo mpaka barabarani, nikilia. Maharage ya Raheli hayakuwa na samadi, yalikuwa mafupi kuliko yote, wala hakuwahi kuyaongezea hata nusu inchi daftarini.

Wenzake wakimwulizia, ~~waambie amesafiri~~ waambie ukweli. Watakuuliza kwa nini, maana mimi ndiye niliyewazoeza kuuliza. Usiwaambie wanisubiri mimi niwajibu. Keti nao tu.

Baba Filomena