Mwenye Nyumba Hayupo

Usagara, Tanga.
22 Juni 2024.

Mpendwa Ami Hafidh,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati pamoja na Bi Salme na watoto. Goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila Mama ana mafua kidogo, nayo hayamzuii kusema.

Najua ungependa nikupigie simu, lakini kwenye simu mimi huishia "ndiyo" na "salama", kisha namkabidhi Mama. Ndiyo maana nimeandika, na Bwana Ziyad, anayesafiri kuja huko, amekubali kukuletea.

Nina habari ya mzaha wako, ule wa mtu aliyekwenda kubisha hodi kwa rafiki yake, na rafiki mwenyewe akajibu kutoka ndani, "Mwenye nyumba hayupo!" Mgeni akaitambua sauti, akasema, "Haya, akirudi mwambie sikuja." Kila ulipokuja Tanga uliusimulia, na watu walianza kucheka ukiwa bado kwenye hodi. Mimi nilicheka kwa adabu tu. Niliona ni habari ya wajinga wawili. Nilipomuuliza kaka Haroub kwa nini unachekesha wakati kila mtu anaujua mwisho wake, aliniambia, "Tuhfa, ukiendelea kuuliza hivyo utauua, halafu tuje kukupa pole."

Sasa nije kwa Shangazi Ghaliya. Huenda umesikia nusu tu.

Kabla ya harusi ya dada Muzna, Mama alitangaza sare ya zambarau katika kundi la familia la kwenye simu. Alisahau kwamba Shangazi, dada yako, alishajitoa kundini, amechoshwa na picha za maua za kila alfajiri. Shangazi akaja amevaa kijani. Kwa bahati mbaya wapishi wa kukodi nao walivaa kijani. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akamshika mkono: "Mwanangu, meza yetu soda hazijafika." Shangazi aliifuata soda, akaiweka mezani, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo mawifi hawakusemezana. Mama alisema anayejitoa kundini asiulize rangi. Shangazi akamtuma Haroub: "Mwambie wifi yangu, soda nimeshaleta, bado anataka nini?"

Wengine walicheka. Mimi sikuweza. Kila Ijumaa nilikuwa nakwenda kwake Raskazone kusoma vitabu vya marehemu mumewe, naye akishona na kunikatiza kila ukurasa: "Sasa huyo amefanya nini?" Ijumaa zangu zilikatika, na yeye akabaki na redio. Kisha akatuma neno kwamba Idi Kubwa hatakula kwetu, na tusimtafute. Niliogopa kwamba Idi hiyo ikipita hivyo, mlango ule hautafunguka tena.

Asubuhi ya Idi Mama alipakua pilau kwenye bakuli la mfuniko, akaniambia nipeleke. Akapanda na yeye kwenye bajaji ya Sele. "Nakusindikiza tu," akasema. "Mimi sishuki."

Ami, unanijua. Hodi yangu haivuki kizingiti. Nilipiga ya kwanza, kimya. Ya pili, redio ikazimwa. Ya tatu, nikasikia sauti ya Shangazi mwenyewe, kavu kabisa: "Mwenye nyumba hayupo!"

Miguu ilitaka kurudi kwenye bajaji. Lakini nikiondoka, nitakuwa nimekubali kwamba hayupo. Nikimwambia nimeijua sauti yake, nitamwaibisha, na alishaaibishwa vya kutosha. Hapo ndipo nilipomwelewa mgeni wako. Hakuwa mjinga. Mwenzake alijificha ndani ya uongo, naye badala ya kumfichua akaingia humo humo akae naye, asiwe peke yake.

Nikasema, "Haya. Akirudi mwambieni Tuhfa hakuja."

Shangazi akauliza kutoka ndani: "Na huyo kwenye bajaji?"

Mama akatoa kichwa. "Na mimi sikuja!"

Sele akashindwa kuvumilia. "Jamani! Dada hakuja, mama hakuja, sasa mimi nimemleta nani huku Raskazone?"

Kikaanguka kitu ndani, halafu nikasikia kicheko cha Shangazi, kile cha kukohoa. Mlango ukafunguka. Alikuwa amevaa gauni lile lile la kijani.

Mama akashuka. "Wifi, nilipaswa kukupigia simu."

"Ulipaswa. Ingia, na soda ujiletee mwenyewe."

Mama akaenda moja kwa moja jikoni, akarudi na soda, akamwekea Shangazi mbele yake kwanza. Sele naye alikaribishwa, na pilau haikutosha.

Mpaka leo Shangazi hataki kuniambia kama alikuwa na hasira kweli au alinitegea. Haroub anasema hajapata kuona mtu aliyechelewa kucheka kama mimi.

Jana Ijumaa nilikuwa kwake. Nilipomwambia nakuandikia, aliacha kushona. Idi iliyopita ulisema utakuja Idi hii. Akaniagiza, "Mwambie kaka yangu sisi tupo. Yeye ndiye hajaja." Nilingoja acheke. Hakucheka, na sindano ilikaa hewani muda mrefu.

Baba, Mama, Haroub na dada Muzna wanakusalimu. Nisalimie Bi Salme, mwanao Marhun na wenzake. Mwenyezi Mungu akupe afya na akufungulie safari kabla goti halijaikataa. Ukifika bisha hodi moja tu, nitafungua mimi.

Binti yako akupendaye na anayekungoja,

Tuhfa