Wanadhani Ninasali

Jumamosi, Julai. Baridi ya huku juu ya Tengeru imeingia hadi kwenye vidole. Mlima Meru umejifunika tangu nifike, manyunyu hayakatiki, na migomba ya shangazi inadondosha maji juu ya bati mchana kutwa. Nimevaa soksi mbili na bado natetemeka.

Sijaandika kitu.

Niliomba likizo kazini, nikaacha chumba changu cha Daraja Mbili, kule mjini, na kelele zake, nikaja kujifungia kwenye nyumba hii ambayo shangazi ameiacha tupu, ili nimalize riwaya. Nilijiapiza kwamba nikitoka hapa bila sura ya mwisho, sitaandika tena maishani. Wakati ule niliona ni maneno ya kujipa moyo. Sasa yananitisha.

Tatizo la kwanza lilikuwa wageni. Huku mtu haachwi peke yake. Nilipowaambia majirani kwamba ninaandika kitabu, walinionea huruma, wakawa wanakuja kukaa nami ili nisijisikie mpweke. Walileta maziwa, walileta loshoro ya mahindi na maziwa mgando, walileta stori. Walikuwa wema kupita kiasi na mimi nilitamani kulia. Basi siku jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali hapa nyumbani, nikawaambia niko kwenye mfungo wa maombi.

Hakuna aliyegonga tena. Akina mama wakipita na majani ya ng'ombe kichwani wanashusha sauti. Anayetaka kukaa na kompyuta wanamwona mgonjwa, lakini anayetaka kukaa na Mungu wanampisha.

Uongo huu umenitokea puani. Siwezi hata kukaanga kitunguu, harufu itaniumbua, kwa hiyo nakula mkate mkavu na ndizi mbivu kama mwizi ndani ya nyumba ya shangazi yangu. Nimejaribu pia kusali kweli. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, nikasema "Baba," nikaishia hapo. Ni palepale ninapoishia nikiandika. Neno la kwanza, halafu kimya.

Zamani vitu hivi viwili vilikuwa kimoja kwangu. Nilikuwa naandika alfajiri, na sikujua ni wapi nimeacha kuandika nikaanza kusali.

Sijui nimepoteza kipi kwanza.

Leo jioni Mama Anaeli, jirani wa hapo chini, alipotoka sokoni alipitia mlangoni kwangu. Hakugonga. Alikohoa kidogo, nikamwamkia nikiwa ndani, akaitikia. Kisha akanieleza kwamba kijana wake, Anaeli, alikwenda machimboni Mererani kutafuta maisha, na tangu mvua za masika simu yake haipatikani. Alieleza taratibu, kama anayeogopa kunichosha.

"Mwanangu, wewe uliye magotini, mtaje," akasema. "Mimi maneno yameniishia. Nikianza kusali nalia tu."

Nilikuwa nimekaa kitandani na kipande cha mkate mkononi. Ningeweza kufungua mlango nimwambie ukweli. Nikasema, "Nitamtaja, mama."

Akashukuru. Nikasikia malapa yake yakiburuza kwenye tope hadi getini.

Nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo. Mama wa watu amekuja kuazima maneno kwangu, na mimi sina hata ya kwangu mwenyewe.

Nilipiga magoti. Safari hii hata "Baba" haikutoka. Nikaenda mezani, nikaandika "Anaeli". Nililitazama jina hilo mpaka skrini ikazima. Nikaiwasha, nikaliandika tena, nikaongeza kwamba mama yake alikohoa badala ya kugonga, kwamba njia ina utelezi na yeye amevaa malapa, kwamba hajui mwanawe analala wapi na baridi hii. Halafu nikakwama. Hiyo si sura ya mwisho. Si sura ya kitabu chochote. Wala sijui kama kuna aliyesikia.

Kesho akitoka ibadani atapita hapa, najua, na atakohoa tena. Nitafungua mlango. Nitamwambia kwamba sikufunga, na kwamba alipokuwa akiongea nilikuwa na mkate mkononi. Nitamwambia pia kwamba Anaeli nimemtaja, na kwamba sijajibiwa.

Halafu nitamwomba aingie akae, kama bado atataka.